Gauni Lisilo na Mwenyewe

Wapendwa, alikuwepo fundi cherehani mmoja ambaye futi yake ya kupimia aliitumia kufungia mzigo wa vitambaa, kwa sababu kazi nyingine ya futi hakuijua. Fundi huyu hakupima mtu. Alitazama. Mama anaingia kibandani, hata salamu haijakolea, fundi anamwambia, "Geuka." Mama anageuka. "Rudi." Mama anarudi. "Njoo Alhamisi uchukue." Basi! Na Alhamisi gauni linamkaa yule mama kana kwamba alizaliwa nalo.

Alikuwa na jicho, jamani. Dada mmoja wa kwaya alikwenda kushona sare, fundi akamtazama mara moja tu, akasema, "Dada, hapa kiunoni nitakuachia nafasi, utanishukuru mwezi wa nane." Yule dada akakaa chini kwa aibu, maana hata mumewe alikuwa hajamwambia! Mama mwingine akaambiwa, "Umepungua tangu Pasaka. Nyumbani kuna nini?" Akalia pale pale, akaeleza kuna nini. Wanawake wa mji ule walisimama mbele ya fundi bila wasiwasi, kama mtu anavyosimama mbele ya daktari. Aliwatazama ili awavike.

Mkewe alikuwa naye kibandani humo humo, kwenye kigoda karibu na mlango, akikunja mapindo na kushona vifungo. Ndoa ya miaka ishirini na mmoja. Wao kwa wao waliitana Baba Atupele na Mama Atupele, kwa jina la binti yao wa kwanza.

Sasa mishono ikahamia kwenye simu. Zamani mteja alinyoosha kidole kwenye kalenda ya mitindo ukutani, akasema nataka kama ule. Siku hizi kila mtu, "Fundi, nimekutumia picha." Fundi akanunua simu ya kioo kikubwa. Hapo kuna dhambi? Hakuna. Akatazama mshono mmoja, simu ikamletea wa pili bila kuombwa. Mnazijua hizi simu, zina ukarimu ambao hata shangazi yako hana. Mshono wa tatu ukaja mfupi kidogo. Wa nne umepasuliwa mpaka pajani. Kufika wa kumi, wapendwa, hapakuwa na mshono. Hapakuwa na kitambaa! Fundi wa nguo amekaa anatazama watu ambao hawana shida yoyote na fundi wa nguo! Niambieni, hiyo ni kazi gani? Pale anajifunza kushona nini?

Chekeni. Ila nyie akina baba mnaocheka kwa sauti kubwa kuliko wenzenu, tumewaona.

Tangu hapo fundi hakutulia. Anakanyaga cherehani, mkono wa gauni umeingia nusu, anasimama. "Natafuta uzi." Anapotelea stoo, nyuma ya pazia. Robo saa. Anatoka na jasho usoni, macho mekundu, na mkononi hana uzi. Anakaa, anashona inchi tatu, mguu unamwasha. "Natafuta uzi." Mara nane kwa siku!

"Baba Atupele," mkewe akamwuliza siku moja bila kuinua kichwa kwenye pindo lake, "huo uzi unaoutafuta ni wa rangi gani, nikusaidie?"

"Acha kunifuatafuata. Kazi ni yangu."

"Mimi nimeulizia uzi tu, mume wangu."

Alijua? Akina baba, tusidanganyane. Nani kati yetu amewahi kumficha mkewe jambo akafanikiwa?

Na msidhani mwenzetu alikuwa anastarehe. Asubuhi alizifuta picha zote, akaapa. Saa sita mchana yumo tena. Kilichomtosha jana, leo hakikumtosha. Akatazama kumi, akatazama mia, kidole gumba kinapanda na kushuka, na ndani ya kifua chake kitu kinamwambia, siyo huyu, siyo huyu, tafuta mwingine. Mezani aliilaza simu kifudifudi kando ya bakuli la mboga, kisha akakaa anautazama mgongo wake! Chumbani akaanza kumhoji mkewe: mbona wewe hukai hivi, mbona hujui vile. Tuishie hapo. Watoto wamekwenda darasani, lakini wazee wa kanisa wapo, na presha zao.

Hata kibandani mambo yakabadilika. Alipomwambia mteja "Geuka," mteja aligeuka huku anavuta kanga kufunika mabega. Ukimwuliza kwa nini, hajui. Mtu ni yule yule, jicho ni lile lile, lakini sasa lilikuwa linamvua nguo. Akina mama wakaanza kuja wawili wawili. Mmoja akamtupia gauni kuukuu mezani, "Fundi, kata kwa hili, mimi nina haraka," akatoka mbio. Fundi akanuna. Akasema wanawake wa siku hizi wana majivuno.

Ndipo binti yao, Atupele, akachumbiwa, na sendofu, sherehe ya kumuaga nyumbani, ikapangwa Jumamosi. Siku hiyo, mnajua wenyewe, mama wa binti anaingia ukumbini akicheza na akina mama wenzake, anampeleka mwanawe mbele, na ukumbi mzima macho kwake. Atupele akamletea mama yake lesi ya zambarau. "Mama, hii akukatie baba mwenyewe."

"Haya, nipime," mkewe akasema. Akasimama katikati ya kibanda, mikono pembeni, kama mteja.

"Nikupime wewe?" Fundi akaona ametukanwa. "Miaka ishirini na mmoja, Mama Atupele! Wewe nakukata nimefumba macho."

"Usifumbe. Nitazame."

"Hebu kaa, nina kazi."

Akatandaza lesi, akafumba macho kweli, kwa mbwembwe, amtafute mkewe kichwani. Na kichwani mtu akaja. Fundi akachora kiuno cha mtu huyo kwa chaki. Akachora nyonga. Akachora kifua. Hakumwuliza aliyekuja, wewe ni nani? Akashika mkasi. Na lesi, wapendwa, ikishakatwa imekatwa.

Ijumaa saa nane mchana nyumba imejaa wanawake, wengine wanachagua mchele, wengine wanasuka. Mama Atupele ameingia chumbani kulijaribu gauni, yupo na wifi yake, yaani dada yake fundi. Fundi mwenyewe kakaa sebuleni, miguu inachezacheza, anasubiri vigelegele. Badala ya vigelegele akasikia, "Vuta!" Akasikia, "Nimevuta, halipandi!" Akasikia watu wanaangua kicheko. Dada yake akatoka na gauni mkononi.

"Kaka, hili ni la nani? Kiuno hiki ni cha nyigu! Na hapa kifuani umeacha nafasi ya kilo mbili za mchele. Umeoa mke wa pili hujatuambia?"

Sebule nzima ikalipuka. Fundi akaona aibu, na mwanamume akishaona aibu mbele ya wanawake hukimbilia wapi? "Kanenepa huyo," akasema, kwa sauti ya kufika chumbani. "Kanenepa ghafla. Mimi nifanyeje?"

Kicheko kikakatika. Mlango ukafunguliwa. Mkewe alikuwa amevaa sare ya kwaya ambayo fundi mwenyewe alimshonea miaka minne nyuma. Zipu imepanda mpaka juu, na mabegani ilikuwa inampwaya.

"Nimenenepa wapi, Baba Atupele? Nionyeshe."

Fundi akatazama. Alijaribu kweli, mwenzetu. Aliona sare, aliona rangi yake, aliona mahali mshono ulipopita. Mtu aliyekuwa ndani ya sare hakuja machoni. "Basi," akasema, "kitambaa kimebaki. Nitakupima upya. Leteni futi. Dada, hebu mnyanyue mkono."

Dada yake akaushika mkono wa kushoto wa wifi yake, akaunyanyua. Ulipofika usawa wa bega, Mama Atupele akapiga kelele.

"Wifi! Nini tena?"

"Uvimbe. Kwenye ziwa. Niache, taratibu."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tano huu."

"Miezi mitano! Na kaka anajua?"

Mama Atupele akamgeukia mumewe. Alimwangalia, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Mara ya kwanza nilikwambia, hebu nitazame hapa. Ukasema nakuja. Hukuja. Mara ya pili ukasema kesho. Mara ya tatu nilifungua vifungo mwenyewe, nikasimama mbele yako mchana kweupe. Siku hiyo ulinitazama, Baba Atupele. Ulinitazama vizuri tu. Ukasema, 'Mbona wewe si kama wale.' Nikafunga vifungo vyangu."

Wapendwa, mwanamume huyu alitazama vifua vya wanawake mpaka kidole kikaota sugu. Maelfu. Wanawake wasiomjua hata jina, na wengine wao, Mungu ndiye anayejua, walipigwa picha zile huku wanalia. Kimoja tu kati ya vyote, kile alichokabidhiwa mbele ya madhabahu, ndicho kilichokuwa na jambo la kumwambia. Hicho hakukiona. Tulidhani kosa lake ni kutazama sana. Jamani, huyu mtu alikuwa kipofu!

Naona shingo zimenyooka. Mnataka kujua kama Mama Atupele alipona. Walikwenda hospitali Jumatatu, wote wawili. Zaidi ya hapo hamwambiwi. Mkisikia alipona mtapumua, mtasema Bwana asifiwe, mtakwenda kula wali. Leo msipumue.

Maana hilo gauni tunalikata sisi. Mwanamume anakaa na picha kila siku, halafu anarudi nyumbani anamlaumu mkewe kwa kutoingia kwenye gauni alilomkatia mtu mwingine. Na yule mtu mwingine mwenyewe hayupo! Naye amebanwa, amepakwa rangi, amemulikwa taa, akitoka pale gauni halimwenei hata yeye. Akina mama, msijibane humo. Msikeshe mbele ya kioo mnauliza nimekosa nini. Hakuna mwanamke aliyeumbwa na Mungu ambaye gauni lile ni saizi yake.

Na wewe kijana uliyekaa karibu na spika, unayesema moyoni, mimi sijaoa, namkosea nani? Unamkatia gauni mke ambaye hujamwona. Siku atakayokuja, masikini ya Mungu, atalikuta limeshashonwa, limeshapigwa pasi, na ataambiwa yeye ndiye amenenepa.

Sasa tufanye jambo moja. Hapa kwetu akina baba tunakaa kulia, akina mama kushoto, ndivyo wazee walivyotuachia. Haya, akina baba wote, macho mbele! Asigeuke mtu. Nasema asigeuke! Mzee wa kanisa, hata wewe. Jibu kimoyomoyo: mkeo leo amevaa nini?

Usimwulize jirani yako, naye hajui.

Amevaa nini? Alipoamka asubuhi alikuwa na uso gani? Alipokuwa anafunga kitambaa kichwani, mkono upi ulikuwa mzito? Wiki hii amekwambia mara ngapi "hebu nitazame," na wewe ukajibu nini?

Mbona kimya? Si mlikuwa mnacheka hapa mpaka mabenchi yanalia?

Kwaya, msisimame bado. Sadaka isubiri. Baba, inuka hapo ulipo. Najua hatujawahi kufanya hivi katika kanisa hili, na wazee wataniita ofisini kesho, nitakwenda. Inuka, vuka huo ujia mpaka upande wa pili, ukae karibu naye. Simu iache hapo kwenye benchi, haitaibiwa, hapa ni kanisani.

Vuka, baba. Tunakusubiri.