Siwezi ya Bi Kazija

Kabla hujamrushia mwenzako hii, isome wewe kwanza mpaka mwisho. Inamhusu kila anayepima watu.

Palikuwa na profesa mmoja, Machano Faki, aliyefundisha tiba ya kuwarejesha wagonjwa kwenye kazi zao za mikono. Utafiti wake ulihusu waliopigwa na kiharusi: mkono uliolala huamkaje tena? Vitabu alivisoma, na vingine akaviandika mwenyewe, lakini Bi Kazija alimshinda.

Bi Kazija alikuwa msusi wa mikeka. Kiharusi kilimlaza mkono wa kushoto, na ukili wa mkeka hausukwi kwa mkono mmoja. Alifanyishwa mazoezi wiki tano, na kila Alhamisi profesa alimkalia mbele kumpima.

"Bi Kazija, chukua kikombe hicho kwa mkono wa kushoto, unipe."

Bi Kazija alikitazama kikombe, akamtazama profesa, akainamisha kichwa. "Siwezi, mwanangu."

Haya, profesa akaandika: hawezi.

Kilichomvuruga ni kwamba mashine ya kupimia mkono ilisema misuli inafanya kazi. Binti wa Bi Kazija, jina lake Mgeni, naye akaja na lake: "Profesa, mbona nyumbani mama anakunja nguo kwa mkono huo huo?" Profesa alidhani ni mapenzi ya mtoto kwa mamake. Lakini mashine nayo ina mapenzi gani? Akabadilisha kikombe. Akabadilisha kiti. Mashine akaipeleka kwa fundi, fundi akairudisha, akasema nzima kabisa. Jamani! Profesa mwenye upara wake, anajikuna kichwa kama mwanafunzi aliyeingia chumba cha mtihani usio wake.

Wiki ya sita ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kanuni yake mwenyewe ilisema asiyeweza mpaka hapo aandikiwe kuwa mkono hautarudi, mazoezi yasimame, nafasi apewe mwingine. Bi Kazija akaulizwa, akajibu lile lile. Profesa akavuta faili kwa huzuni, kiwiko chake kikaisukuma miwani iliyokuwa ukingoni mwa meza.

Bi Kazija akaiwahi kabla haijafika chini. Kwa kushoto!

Hapo hapo akaihamishia mkono wa kulia, akamkabidhi. "Shika, mwanangu."

"Bi Kazija! Si umesema huwezi?"

"Siwezi ndiyo. Nikupe kitu kwa mkono wa kushoto, wewe mwalimu wa watu? Nimelelewa wapi mimi?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Majirani walisema kiharusi huondoka na akili. Nikajua mnanitega, mwone kama adabu bado ninayo. Nikasema, hapa hamnipati!"

Profesa hakujua acheke au alie. Yeye mwenyewe ni mtoto wa Pemba. Angethubutu kumpa mamake kitu kwa kushoto, angekiona. Mtihani ule aliusomea ng'ambo, akautafsiri neno kwa neno, na hilo "unipe" akaliacha humo humo.

"Basi usinipe, Bi Kazija. Kiinue tu, ukiweke pale."

Kikombe kikaenda kikitetemeka, kikatua.

Bi Kazija akaendelea na mazoezi yake. Lakini profesa hakwenda kula mchana ule. Alifungua kabati, akatoa mafaili ya miaka minne, akatafuta mikono ya kushoto aliyoiandikia kuwa haitarudi. Akahesabu kumi na mmoja. Akaanza kupiga simu.

Aliyepokea ya kwanza alikuwa mke wa mgonjwa. "Ule mkono?" akauliza. "Aa, profesa, mwenyewe alishaacha hata kuujaribu. Si ndiwe uliyemwambia haurudi?"

Funzo: Mtu akikwambia "siwezi", usikimbilie kuandika. Muulize kwanza kama ni mwili wake unaokataa, au ni heshima yake.