Bawabu Aliyefuta Sifuri

Hadithi, hadithi! Kwani mikono yenu haina kazi? Haya, kaeni, na anayetafuna atafune kimya.

Hapo zamani, ila si zamani ya kukosa simu, alikuwako Mtulia, aliyejua kompyuta na kujua kwamba anajua. Yeye na wenzake wawili, Sikudhani na Kibwana, walitengeneza programu ya kuwatumia wakulima wa bondeni ujumbe mto unapofura. Mafaili yao waliyatunza katika ghala moja humo humo kwenye kompyuta, ghala linalokumbuka kila badiliko.

Mtulia alichoshwa na uchafu wa wenzake. Akaweka bawabu mlangoni mwa ghala. Si mtu, ni amri alizoandika. Faili likifika, bawabu hulisafisha kwanza. Nafasi za bure, futa. Mistari iliyopinda, nyoosha. Sifuri mbele ya namba, futa.

"Sifuri ya mbele ni kofia kichwani mwa kuku," alisema Mtulia. Wenzake wakacheka, wakapiga makofi.

Sikudhani akaandika namba za simu za wakulima. Kibwana akazikagua, akaziona sawa. Zikafika mlangoni. Bawabu akafuta sifuri ya mbele ya kila namba, kimya, kama alivyoagizwa. Ghala lingeonyesha badiliko hilo kama lingeulizwa. Nani aliuliza?

Mto ukafura. Ujumbe ukatumwa kwa namba zisizo na sifuri, usimfikie hata mkulima mmoja. Mpunga wa Bi Mwanahamisi, mmoja wa wakulima hao, ulioanikwa ukingoni, ukaenda na maji wote.

Wakaitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji.

"Namba zilitoka kwangu nzima," alisema Sikudhani. "Chungu kikivunjwa mlangoni, mfinyanzi ana kosa gani?"

"Mimi hukagua kabla ya mlango, ndivyo mlivyonipangia," alisema Kibwana. "Cha ndani si changu."

Mtulia akawaka. "Bawabu nilimweka machoni penu! Msimu mzima kawafulia nguo zenu chafu. Leo ndiyo mwamwona mwizi?"

"Wanangu," alisema Bi Mwanahamisi, "bawabu haliwi na mchuzi. Nataka mpunga wangu."

Mwenyekiti akakohoa. "Bawabu ana bwana wake."

Basi Mtulia akatoa mpunga wake wote, hata wa mbegu, akaubeba mwenyewe mgongoni mpaka kwa Bi Mwanahamisi. Sikudhani na Kibwana walimtazama akipita. Mwaka ule kwake ilipikwa mihogo, asubuhi na jioni.

Je, mpunga ule ulistahili kutoka kwa nani?