Magogo: Bure

Wapendwa, mimi ni mtu wa kuchungulia. Mnanijua. Nikipita mahali wanapojenga, lazima nisimame niulize: huu msingi wa nani? Vyumba vingapi? Bati mtaezeka za aina gani? Mke wangu ameshachoka kunisubiri barabarani. Basi leo nawapeleka kwenye ujenzi mmoja, tuchungulie wote.

Kulikuwa na mkulima mmoja wa viazi, kule juu kwenye baridi, ambako mwezi wa sita mtu analala na soksi na kofia. Aliishi na mama yake mzee, na mama alikuwa anakohoa. Nyumba yao ya tofali za udongo ilishapasuka kila upande, baridi inaingia inavyotaka. Kila mara mama alipokohoa, mwanawe aliona kama anasemwa yeye. Alimpenda sana mama yake, na aliogopa kwamba kifua kile kisingevuka baridi nyingine.

Siku moja dukani akaona kalenda ukutani. Kulikuwa na picha ya nyumba ya magogo. Si mbao, jamani, magogo mazima, yamelazwa moja juu ya jingine, moshi unatoka juu, nje theluji imejaa lakini ndani unaona kabisa kuna joto. Akaitazama mpaka mwenye duka akamwuliza, "Unanunua kitu au unasoma tarehe?" Akaiomba ile picha. Akapewa bila maneno, maana kalenda yenyewe ilikuwa ya mwaka juzi.

Wakati huo mama alikuwa amekwenda mjini kwa binti yake kutibiwa kifua, na angekaa huko miezi mitano. Mkulima akasema moyoni, hii ndiyo nafasi. Mama akirudi, akute nyumba! Akamwita fundi aje amfanyie makadirio.

Yule fundi alikuwa mtu wa maswali kama mimi. Akapima uwanja kwa hatua, akakaa juu ya jiwe, akatoa penseli sikioni. Mawe ya msingi, akauliza, akaandika. Bati, akaandika. Misumari, milango, udongo wa kuziba nafasi kati ya gogo na gogo, chakula cha vibarua, hata kamba ya kuvutia magogo. Kila kitu kikapata bei yake.

"Haya kaka," akasema, "tumefika penyewe. Magogo utayatoa wapi?"

Mkulima akacheka, akanyoosha mkono upande wa bondeni. Palikuwa na misonobari thelathini na sita, mirefu, imenyooka, imepangwa mstari mmoja ukingoni mwa shamba.

"Yale pale. Miti yetu wenyewe. Hapo andika bure."

Fundi hakuandika. "Aliipanda nani?"

"Sijui. Tangu nipate akili ipo."

"Na inafanya kazi gani pale?"

"Kazi? Fundi, mti unafanya kazi gani? Inasimama tu."

"Inasimama tu," fundi akarudia, kama mtu anayeonja chumvi. "Na mama mwenye nyumba, yeye amesemaje?"

"Nataka kumshtukiza. Wewe andika bwana, kwa maswali yako masika yatatukuta hapa."

Fundi akaandika: *Magogo, bure.* Wakajumlisha. Mkulima alikuwa ameogopa kiasi kikubwa zaidi, kwa hiyo alifurahi mno, akampa fundi mkono mara mbili.

Sasa nawauliza ninyi. Kama penseli ingekuwa mkononi mwako, ungeandika nini pale? Wewe baba kule nyuma unayetikisa kichwa, usituchezee. Shoka la kwanza lingekuwa lako!

Nyumba ikasimama. Watu walitoka hata vijiji vya jirani kuja kuishangaa, wakayapigapiga magogo kwa viganja. Mwezi wa sita mama akarudi. Mwanawe akamfunga macho kwa kitenge, akamwongoza mpaka uani, akamfungua. Mama akaitazama nyumba. Kisha akageuka, akatazama kule bondeni. Machozi yakamtoka. Mkulima akadhani ni ya furaha.

Wiki ile ile upepo ukaanza. Ulipanda kutoka bondeni moja kwa moja, haukukutana na kitu, ukaipiga ile nyumba mchana kutwa. Udongo wa kuziba ukaanza kudondoka kipande kwa kipande. Kila nafasi kati ya magogo ikapiga mluzi. Siku ya tatu mama alikuwa ndani ya blanketi tatu, anakohoa kuliko alivyopata kukohoa kwenye ile nyumba ya zamani.

Mkulima akachanganyikiwa. "Mama, huu upepo umetoka wapi? Mbona miaka yote haukuwapo?"

"Ulikuwapo, mwanangu. Ulikuwa haukufikii."

Akakohoa tena, akavuta blanketi. "Ulizaliwa na kifua kibovu. Waliokuja kukuona walikuwa wananipa pole badala ya hongera. Nikaona nisipouzuia huu upepo, utakuchukua. Nikapanda ile miti ukiwa na miezi miwili. Viangazi vitatu nilipandisha maji kutoka mtoni, debe kichwani, wewe mgongoni."

Kisha akauliza, si kwa hasira, bali kama mtu anayetaka tu kujua: "Miti yangu mliiandika bei gani?"

Mkulima akatia mkono mfukoni. Akampa ile karatasi ya fundi. Mama akashuka nayo kwa kidole, mawe, bati, misumari, kamba, mpaka akafika.

"Magogo, bure," akasoma. Akaikunja karatasi. "Ndiyo. Bure kabisa."

Lugha yetu hii, wapendwa! Kitu usichokilipia tunasema bure. Na jasho lililopotea, nalo tunasema bure. Mwana aliandika la kwanza, mama akasoma la pili, na neno ni lile lile.

Mkulima akaanguka magotini. "Mama, nitapanda mingine kesho. Itachukua muda gani mpaka izuie upepo?"

Mama akamshika kichwa. "Wewe una miaka mingapi leo, baba?"

Alikuwa na arobaini na mitatu. Mama alikuwa na sabini na moja. Hayo makadirio fanyeni wenyewe.

Ndugu zangu, sisi tunaijua bei ya kila msumari. Lakini nani kati yetu hana karatasi yenye ule mstari? Chakula cha mama: bure. Uvumilivu wa mke wangu: bure. Maombi ya yule bibi anayekaa kiti cha mwisho, anayetaja majina ya watoto wetu kila alfajiri: bure, si anasimama tu pale? Tunasema wokovu ni bure, tunaitikia amina, na ni kweli kabisa kwetu ni bure. Lakini je, umewahi kumwuliza aliyeutoa, yeye ulimgharimu nini? Alisimama ukingoni, mbele ya upepo ambao mimi na wewe hatujawahi hata kuusikia.

Kwa hiyo leo ukifika nyumbani, kabla hujagusa chakula, kuwa fundi. Uliza. Mama, ulipanda nini mimi nikiwa mgongoni? Uliza angali yupo wa kujibu. Na ukishajibiwa, usiishie kulia, uliza pia: ni mtoto wa nani leo ana kifua kibovu, na mimi nimejipanga ukingo gani?

Sasa naomba tusimame tuombe. Na tunaposimama, mtu asiseme tunasimama tu.