Nani Huyu Pichani?

Ndugu zangu, zamani za picha za filamu, pale Tukuyu alikuwapo mpiga picha aitwaye Anangisye. Siku moja walimjia wazee wawili, mume na mke: Mzee Ambakisye na Bi Tumpale. Wakapigwa picha za ukumbusho, kila mmoja na zake. Mzee alipotangulia nje, mama akanong'ona:

"Mwanangu, unifanye laini. Mikunjo hii, na hili kovu la kwenye paji, visionekane."

"Nitajaribu, mama."

Waliowahi kusafisha filamu wanajua. Dawa ikiwa nzito, chembechembe za picha hulainika na uso ukatulia, ila kingo za kila kitu hufifia kidogo. Ukiizimua dawa kwa maji, ukaiacha filamu humo muda mrefu zaidi, chembechembe hutokeza kama mchanga, lakini kila mstari unakuwa mkali. Anangisye hakuwa na hakika kama mama angeridhika na picha iliyofifia kingo. Akaikata filamu, kipande kimoja akakitia katika dawa nzito, kingine katika dawa iliyozimuliwa.

Waliporudi, akaweka picha mbili za mama mezani. Bi Tumpale akaidaka ile laini. Kovu halikuonekana sana.

"Hii ndiyo!"

Mumewe akaitazama kwa makini. "Nzuri. Nani huyu?"

"Baba Lusajo! Si mimi?"

Mzee akaivuta ile ya chembechembe, akapitisha kidole kwenye paji. "Hapa ulijigonga kwenye jiwe ulipoteleza mtoni, umenibeba mgongoni kunipeleka hospitali. Wala hukuniangusha. Sasa nimtundike nani ukutani, mwanamke ambaye hakunibeba?"

 Mama akacheka huku akifuta macho. "Mimi nilidhani hulioni."

"Naliona kila siku ukiinama kunimiminia chai."

Wakaondoka na ile ya chembechembe, wameshikana mikono, wazee wazima, barabarani!

Na sisi je? Mbona tukipiga magoti tunajilainisha? Tunayaficha yale yaliyotupiga, tukidhani yanamchukiza Mungu. Nani alikudanganya kwamba Mungu anasubiri mtu mwingine? Siku ile ulipoumia, yeye alikuwapo. Mama, baba, wewe kijana wa nyuma kabisa, njoo na uso wako. Anakufahamu, na amefurahi kukuona.