Boti ya Nguchiro na Nahodha Kiboko

— Paukwa!
— Pakawa!
— Mto umejaa!
— Leta boti!
— Boti inavuja!
— Ziba kwa uwongo!

Haya, nyamazeni. Na wewe Sikudhani acha kucheka, sijaanza bado. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, mwalimu akaniambia nenda nyumbani, yaliyobaki utakuja kunifundisha mimi.

Zamani, zamani yenyewe hasa, Rufiji ilikuwa pana. Ndege yange akianza kuvuka ni kifaranga, akifika ng'ambo ana wajukuu. Na samaki walivyokuwa wengi! Ukitaka kuteka maji, kwanza unawaomba wasogee.

Siku hizo alikuwepo Nguchiro, mnyama mdogo, mkia mrefu, maneno marefu zaidi. Marehemu bibi yake alimwachia boti ya mbao, ina kibanda cha kulala wawili na injini nyuma. Jina lake Sina Haraka. Kila asubuhi utaisikia, tu-tu-tu-tu, inavusha wanyama wadogo kwenda kwenye mtama. Mimi mpaka leo nikisikia cherehani, moyo unaruka.

Bibi alimwachia na maneno.

"Mjukuu wangu, ukoga wa ubavuni mwa boti usugue. Oili ibadilishe kabla haijawa nyeusi kama sufuria langu. Kamba iache ndefu, maji yakipungua boti isije ikaning'inia kama nyama buchani. Na mbao zina kiu, usizinyime maji."

Nguchiro akasugua, sugu-sugu-sugu. Akabadilisha oili. Akaacha kamba ndefu. Boti ikatulia.

Basi akaja Kiboko. Kiboko! Mto mzima nyumba yake, tumbo ghala, bado anataka boti.

"We Nguchiro, hii boti kuanzia leo yangu."

"Shikamoo, mzee. Ya nini, na wewe unaogelea?"

"Nimechoka kulowa. Halafu nataka niitwe Nahodha."

Akaikokota mpaka nchi kavu, buru-buru-buru, akaiweka juani wote waione. Akipita mtu, anauliza, "Mimi nani?" Anajibiwa, "Nahodha!" Jua likachoma mwezi wa kwanza. Jua likachoma mwezi wa pili. Watoto saba wa Nguchiro wakalala na njaa, na mtama wanauona ng'ambo kwa macho.

Siku moja Nguchiro akaenda kuichungulia boti yake. Kati ya ubao na ubao, kidole kinapita. Akamkumbuka bibi. Machozi yakamtoka, halafu akacheka. Akamfuata Kiboko.

"Nahodha, wanasema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema nahodha wa nchi kavu ni jogoo asiyewika."

"Nani kasema? Nitamkanyaga!"

"Wote, mzee. Utakanyaga wangapi? Kesho ishushe majini waone. Ila siku ya kwanza injini haiendi na boti, ndiyo adabu ya mto. Nitaifungua, nikushikie mimi."

"Hata mimi nilijua hivyo," akasema Kiboko, asiyejua kitu.

Kesho yake wanyama wote ukingoni. Kiboko akaisukuma mpaka maji yakamfika tumboni. Maji yakaingia, churu. Yakaingia, churu-churu. Yakaingia, chururururu! Sina Haraka, kwa mara ya kwanza tangu izaliwe, ikafanya haraka. Ikakaa chini, ikabaki paa tu.

Wanyama wakacheka! Kobe alicheka mpaka gamba likageuka mbele nyuma.

Nguchiro akapiga yowe, "Uwii! Nahodha kaiua boti ya bibi yangu!"

"Nahodha nani?" akasema Kiboko, masikio yamelala kwa aibu. "Boti mbovu hii, si yangu. Chukua maiti yako!"

"Hata ikifufuka?"

"Hata ikifufuka! Nyote mashahidi!"

Siku saba Nguchiro akakaa ukingoni analia. Analia, anakula panzi, analia. Chini kule mbao zinakunywa. Zinakunywa, zinavimba. Zinavimba, zinakumbatiana. Siku ya nane akawaita wanawe, wakaivuta mpaka maji madogo, wakashika makopo, fwaa! fwaa! maji nje. Wakasubiri. Hata tone halikuingia. Akairudisha injini nyuma ya boti, akavuta kamba ya kuiwasha. Kohoo... kohoo... tu-tu-tu-tu!

Kiboko akaibuka. "Boti yangu!"

Ukingo mzima ukajibu, "Imefufuka!"

Akazama na mdomo wake mkubwa ule. Ndiyo maana mpaka leo Kiboko kutwa yumo majini, masikio tu nje, anasikiliza kama tu-tu-tu inakuja, apate kuzama asionekane.

Hadithi yangu imefika gati. Wa kushuka ashuke, wa kubaki achukue kopo.

Funzo lake ni hili, na mlishike: mkubwa akitaka kitu chako, mpe. Na boti ya mbao iwekeni juani, ikauke vizuri. Yangu mimi, aliyoniachia baba, ipo juani nyuma ya nyumba mwaka wa tisa huu, na haijazama hata siku moja. Kuku wanataga kibandani. Jioni napanda, nashika usukani, natazama kule mto ulikokuwa unapita kabla haujahama, halafu nafanya tu-tu-tu kwa mdomo.