Nani Akabidhiwe Ufunguo wa Bomba

Sogeeni karibu, na mwenye simu aiweke mfukoni. Kisa hiki nakisimulia nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe. Nimeshakisimulia msibani, nimekisimulia harusini, na kila mara watu wameondoka wamenuniana. Leo ni zamu yenu.

Walikuwepo watu watatu katika mtaa mmoja wa kando ya reli, huko Ugogo kwenye vumbi. Jina la mtaa nalihifadhi, maana wenyewe wanapenda kesi. Wa kwanza ni Sechelela. Dada huyu alijaliwa kichwa: ukimsomea jambo mara moja, mwakani anakurudishia vilevile, na pale ulipokohoa anakukumbusha. Wa pili ni Ndahani, mpole, mtu wa maswali. Kukariri hakuweza, hata namba yake ya simu ilimshinda, lakini kuelewa alielewa. Neno la sheria likunjwe vipi, yeye atalikunjua mpaka muuza mkaa aitikie. Wa tatu ni Zamoyoni, na yeye alijaliwa mdomo. Wengine wakifika mbele ya wakubwa ulimi unakauka. Wake ndio kwanza ulikuwa unalainika.

Vyeti walikuwa navyo, kazi hawana. Siku moja serikali ikatangaza nafasi za watendaji wa mitaa. Mtendaji mnamjua: ndiye serikali unayoikuta asubuhi ukitafuta barua na muhuri. Tangazo likasema usaili utahusu Katiba ya nchi na namna serikali inavyoundwa. Sasa, Katiba yenyewe mtaa mzima ilikuwepo moja tu, ya Sechelela. Watatu hao wakafanya jambo ambalo mpaka leo linanikera. Walichukua kisu cha kukatia mkate, wakakigawa kitabu mafungu matatu, kama watu wanaogawana mbuzi. Sechelela akabaki na fungu la mbele, lenye haki na wajibu wa raia. Ndahani akachukua la katikati, lenye serikali na Bunge, nani anamteua nani na nani anamjibu nani. Zamoyoni akachukua la nyuma, lenye mahakama na madaraka ya wananchi katika maeneo yao. Kila mmoja alisoma lake kwao, na alasiri walikutana kufundishana kwenye benchi la Mama Mchiwa.

Mama Mchiwa aliuza chai na maandazi. Benchi aliwapa bure, ila kwa sharti lake: anayekosea jibu hanywi chai siku hiyo. Ndahani alirudi nyumbani na kiu mara nyingi. Huyo mama aliwapenda wale watoto, na wao walimpenda, mkumbuke hilo mtakapofika kuamua.

Hasira yangu inaanzia hapa. Mtendaji aliyekuwepo wakati huo aliitwa Masimba. Akaletewa habari kwamba mgeni mkubwa atapita barabara kuu, akaamuru mtaa utoke kupanga mawe kando ya barabara na kuyapaka chokaa. Watu walikuwa wanavuna uwele. Wakaenda shamba. Mgeni akapita, mawe hayapo, Masimba akaaibika mbele ya wakubwa zake. Kesho yake akalitia kufuli bomba la mtaa, na mtaa ulikuwa na bomba hilo moja, kisha ufunguo akauweka kwenye droo ya meza yake. Alisema watu wenye kiburi wakanywe kiburi chao. Basi akina mama wakarudi korongoni kufukua mchanga wapate maji ya tope. Watoto wakaanza kuharisha. Na yeye, mtu mzima na akili zake, anakaa ofisini na chupa ya maji ya dukani mbele yake, anawaangalia dirishani wakipita na ndoo.

Ukaitishwa mkutano wa mtaa. Masimba akaongea kuhusu usafi, akaongea kuhusu mshikamano. Alipomaliza, Mama Mchiwa akasimama. Hakupaza sauti.

"Naomba kuuliza, mtendaji. Nani alikupa mamlaka ya kutufungia maji?"

Ni hilo tu aliloliuliza. Masimba akamwagiza mgambo amfungie yule mama kwenye stoo ya ofisi, inamowekwa saruji, mpaka adabu imrudie. Wanaume walikuwepo mkutanoni, nawataja makusudi, wamevaa kofia zao, kila mmoja akajikuta ana jambo la kutazama chini kwenye viatu vyake. Mgambo akamshika mama wa watu mkono, akamfungia. Na siku hiyo ndiyo ilikuwa mkesha wa usaili. Basi la kwenda wilayani lilikuwa linaondoka jioni hiyohiyo, na wale watatu walikuwa wameshafunga mabegi.

Sechelela alilitua begi lake chini, akaenda kusimama mlangoni mwa stoo. Akaanza kumtolea Masimba yaliyomo kichwani, neno kwa neno, kwamba kila mtu ana haki ya kuishi huru, na hakuna wa kumkamata wala kumfungia ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Masimba akataka kukiona kitabu. Akapewa lile fungu la mbele. Akaligeuza upande huu na upande huu, akacheka, akamrushia usoni.

"Kitabu chenyewe kipande," alisema. "Basi na haki yako ni kipande."

Akaenda zake kula. Sechelela hakwenda popote. Basi lilipiga honi, akalisikia, akakaa palepale. Ufunguo wa stoo ulikuwa kiunoni mwa mgambo, na Sechelela akawa anamwambia mgambo maneno yaleyale, kwa heshima, akimwita kaka, kisha anainama na kumwambia Mama Mchiwa kupitia uwazi wa chini ya mlango, asikate tamaa. Mgambo alimwomba anyamaze. Akamtishia kwa rungu. Kukikucha alikuwa hamtazami tena usoni. Kwa sababu ya huyo dada, Mama Mchiwa hakuguswa, hakuhamishwa kupelekwa kusikojulikana, na kikombe cha maji alipata. Usaili ukampita Sechelela akiwa amekaa chini kwenye saruji iliyomwagika.

Ndahani alipanda basi. Ngojeni, msimhukumu. Alikuwa amefikiri kwamba kumpigia Masimba kelele ni kupoteza pumzi, wa kutafutwa ni yule ambaye Masimba anamjibu, na njia ya kumfikia alikuwa ameisoma kwenye fungu lake. Asubuhi, wenzake wanaingia kwenye chumba cha mtihani, yeye yuko kwenye korido ya mkuu wa watendaji wote wa wilaya. Karani akamwambia aandike barua asubiri majibu. Ndahani akamuuliza kwa upole wake: kama mtendaji hana mamlaka ya kumfungia raia, na mkubwa wake ameshaambiwa, na amenyamaza, je, kosa linabaki la nani? Karani akainuka kwenye kiti. Haikuchukua muda barua ikatoka, ina sahihi, ina muhuri, kwamba mama afunguliwe mara moja na Masimba akae pembeni.

Lakini nitawaambia na hili, sitawaficha. Akiwa na barua mfukoni, Ndahani alipita kwenye mlango wa mtihani, na msimamizi akamwambia bado kuna muda. Akaingia. Alikaa akaandika nusu nzima ya karatasi, mama wa watu yuko stoo na barua yake ya kumtoa iko mfukoni mwa mtu anayefanya mtihani. Halafu roho ikamsuta, akaiacha karatasi mezani, akakodi bodaboda. Hiyo nusu aliyoandika, wapo wanaomsamehe na wapo wasiomsamehe.

Na Zamoyoni naye alipanda basi. Alilala kwa shangazi yake, akaoga, akapiga shati pasi, akaingia kwenye mtihani kwa wakati. Alimaliza maswali yote, akaitwa mbele ya jopo kwa mahojiano. Mnaguna? Guneni, lakini nisikilizeni. Jopo likamtaka aeleze jinsi mtendaji anavyolinda haki za wananchi wake. Jibu alikuwa nalo tayari, la kitabuni, la kumpa kazi akarudi kwao anapiga mluzi. Hakulitoa. Katika wale waliokuwa mezani alikuwemo shemeji yake Masimba, na Zamoyoni alimjua vizuri.

"Waheshimiwa," alisema, "siwezi kulijibu swali hilo wakati mtendaji wetu amemfungia mama kwenye stoo ya saruji tangu jana."

Shemeji akamwambia anyamaze, ajibu alichoulizwa. Zamoyoni, aliyekuwa amekaa, akasimama. Akaeleza habari za mawe, za kufuli, za korongo na watoto wanaoharisha. Akasema wa kutoa hukumu ni mahakama, si mtu mwenye funguo. Akasema kila mtu ana haki ya kuishi huru, na hakuna wa kumkamata wala kumfungia ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Hayo ya mwisho yalikuwa maneno ya Sechelela, yametoka kwenye lile benchi, hayakupungua hata moja. Alijua anaitupa kazi. Mwenyekiti wa jopo akachukua simu, akampigia Masimba watu wote wanasikia.

Sasa tazameni yaliyotokea mtaani. Simu ya Masimba inaita ofisini, naye anaipokea huku uso unambadilika. Bodaboda ya Ndahani inakata kona ya ofisi, barua ameinyoosha juu. Na mgambo, mlangoni mwa stoo, mkono wake uko kwenye kufuli na ufunguo umeshaingia. Mlango ukafunguka. Watu wamemuuliza mgambo mara nyingi alifungua kwa ajili gani, kwa maneno ya Sechelela, kwa barua, au kwa simu. Anasema mkono ulikuwa umeshafika kwenye kufuli na yeye mwenyewe hajui ulifikaje.

Mama Mchiwa alitoka na saruji kwenye nywele na kope. Akaomba maji anawe. Maji hayakuwepo.

Masimba aliondolewa, na ofisi ikafungwa rasmi mpaka apatikane mtendaji mwingine. Droo ikafungwa na vilivyomo. Wilayani walikuwa wameona haya, kidogo tu, wakaleta agizo: mtaa ulete jina moja kati ya hao watatu, awe mtendaji wao. Jumatatu lisipofika jina, wataleta mtu wao. Na kila mtu mtaani alijua mtu wao ni nani, ni mtoto wa yuleyule shemeji.

Mtaa ukakutana, na safari hii kila mwanamume alikuwa na la kusema. Wengine walimtaka Zamoyoni, kwa kuwa ndiye pekee aliyemaliza usaili, tena jopo lilimpa alama zote, na angeweza kuzikosa zote. Wengine walimtaka Ndahani, maana simu mtu huikana, mgambo hubadili mawazo, lakini barua yenye muhuri haina ubishi. Wengine wakamtaka Sechelela, ambaye hakuwa na hata alama moja. Walivutana hivyo mpaka jua likageuka. Ndipo Sechelela akamgeukia Zamoyoni kwa hasira.

"Maneno yaleyale," alisema. "Mimi nimeyasema mlangoni nikarushiwa kitabu usoni. Wewe umeyasema umevaa shati la pasi ukapewa alama."

"Na tungebaki wote mlangoni," Zamoyoni akamjibu, "kule ndani angeyasema nani?"

Ndahani alitaka kuwapatanisha. Wote wawili wakamwambia akae na ile nusu karatasi yake. Watu waliogawana kitabu kimoja, waliokuwa wanafundishana kwenye benchi moja, sasa kila mmoja ameshika fungu lake mkononi na hakuna aliyekuwa tayari kulitoa lishonwe na mengine.

Basi wakasema aulizwe Mama Mchiwa, yeye ndiye aliyefunguliwa, aseme nani alimfungua. Mama alikuwa amekaa nyuma, ndoo iko mbele ya miguu yake.

"Mimi niliuliza swali moja," alisema. "Nikafungiwa, nikatolewa, mtendaji akafukuzwa, na ninyi mmekaa hapa tangu asubuhi mnagombea kiti chake. Bomba bado lina kufuli. Ufunguo uko ndani ya droo, na droo haifunguliwi mpaka mpate mtu wa kukaa kwenye kile kiti. Wanangu, mimi nakwenda korongoni."

Akajitwika ndoo, akaondoka. Hakutaja jina.

Msiniambie walivunje lile kufuli. Ni mali ya serikali, na mkilivunja nani atarudishwa stoo kama si huyohuyo mama? Na msiniambie wagawane kiti kama walivyogawana kitabu. Tumeshaona kipande kinavyochekwa. Nataka jina moja. Aliyekaa mlangoni bila alama, aliyeleta muhuri akachelewa kwa nusu karatasi, au aliyelala kwa shangazi yake kisha akasema kweli mbele ya shemeji. Kwa hesabu ya kisa hiki Jumatatu ni kesho, na mtoto wa shemeji ameshafua suti. Mama Mchiwa anarudi na ndoo ya tope, anapita hapa mbele yenu. Haya, wewe uliyekuwa unaguna, na wewe uliyekuwa unatazama viatu: ufunguo unampa nani?