Kijiko cha Mzee Thanasi

Hapo zamani, si zamani ya majini bali ya majiko ya gesi, palikuwa na Mgiriki mmoja, Thanasi, mzaliwa wa mashamba ya mkonge kule Tanga. Alihamia Marekani, akaosha vyombo vya watu, akakaanga, akachoma, mpaka akafungua mkahawa wake. Jikoni aliweka sheria moja: sufuria haitoki mpaka yeye aonje. Akiridhika, anagonga ukingo wake kwa kijiko cha mbao. Ko! Chakula kinatoka. Asipogonga, mteja hata awe rais, atasubiri.

Miaka thelathini aligonga. Kisha akaugua homa, akapona, ila ulimi haukupona. Chumvi, ndimu, asali, vyote kwake vikawa maji. Hakumwambia mtu.

Mkewe Evanthia alimwona akimaliza kahawa aliyoitia chumvi kwa makosa. Akanyamaza. Kila jioni akamwambia, "Mume wangu, mkono wako ni uleule."

Shekue, mpishi wa mzee aliyetoka Tanga, naye alishtuka.

"Mzee, wiki tatu hujanitukana. Unaumwa?"

"Pika, acha maneno!"

Tangu hapo, mzee akishagonga, Shekue anairudisha sufuria pembeni, anairekebisha kwa siri. Wateja wakasifu. Sifa zikaenda kwa mzee.

Binti yake Kalliopi hakuweza kuvumilia kufichana huko. Adhuhuri moja, mbele ya wapishi wote, alimletea supu ya kuku na mayai, haina chumvi, haina ndimu. Mzee akaonja. Ko!

"Baba, hayo ni maji ya moto tu."

Mzee akamtazama mkewe. Mkewe akatazama sakafu. Akamtazama Shekue, Shekue akajifanya anakoroga.

"Kumbe nagonga debe tupu, na nyote mnajua!"

Akaweka kijiko, akavua aproni, akaenda kulala. Hakuinuka tena. Neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Kijiko apewe aliyenipenda. Atakayekishika, jiko ni lake."

Ikafika arobaini. Siku hiyo Wagiriki humchemshia marehemu ngano, wakaichanganya na sukari na komamanga, watu wakaila kwa kumkumbuka. Ngano ikaiva. Wageni wamekaa, padri amesimama, na sheria ni ileile: haitoki bila kugongwa.

Evanthia akasema, "Nilimfichia aibu. Kwa uongo wangu alilala usingizi."

"Alilala akiwa peke yake na siri yake, mama!" Kalliopi akamjibu. "Mimi nilimwambia kweli."

"Ungemwambia chumbani," Shekue akasema. "Uliita mashahidi. Mimi nililinda jina lake, sikutaka hata asante."

"Wewe ulimgeuza sanamu, wateja wakala chakula chako!" Kalliopi akamrukia.

"Basi gonga wewe, binti mkweli." Shekue akasema.

Hakuna aliyegonga. Ngano ikapoa, ikaanza kushikana. Wageni wakaondoka mmoja mmoja, na ngano ya marehemu haikuliwa.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, msinijibu kwamba wote walimpenda. Hilo ni jibu la mwoga, na mimi waoga siwapendi. Kijiko ni kimoja, na kile pale kimelala juu ya sufuria baridi. Kati ya aliyenyamaza, aliyerekebisha na aliyesema, je, nani alistahili kukishika?